Mlango wa Kulia Usipakwe Rangi

Likizo iliyopita nilirudi nyumbani Nyangwe kwa pikipiki kutoka Kasongo, mkoba wa vitabu mgongoni na kinasa sauti cha kuazima kifuani, nikidhani kazi yangu ni kuwarekodi wazee. Kazi iliyonikuta ilikuwa nyingine. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, ambaye kwetu namwita yaya, alikuwa ameshanunua makopo manne ya rangi nyeupe, karatasi za msasa na brashi mbili. Alitaka kulifufua gari la babu. Aliponionyesha makopo yale alitarajia nishangilie. Sikushangilia, na tangu siku hiyo tuna ubishi ambao nauleta hapa, kwa sababu nadhani unatuhusu sisi wa isimu kuliko unavyowahusu mafundi wa garaji.

Gari lenyewe ni Land Rover ya pikapu, ile ndefu. Karatasi zake zilipotea zamani, lakini umri wake unasomeka usoni. Taa zake mbili za mbele ziko karibu karibu, katikati, ndani ya wavu wa chuma, kama macho ya mtu anayekunja uso. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilizihamishia taa hizo pembeni, kwenye madigadi. Basi hili ni la kabla ya hapo. Nyumbani husemwa kwamba babu alilinunua kwa mfanyabiashara mgeni aliyekuwa akifunga duka, baada ya Mobutu kutangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa kwa raia wa Zaire. Sina hati ya kuthibitisha, ila taa na masimulizi havipingani, na mwanafunzi wa isimu ya kihistoria hushukuru kwa hata hicho kidogo.

Yaliyolipata gari baada ya hapo ndiyo yanayonifanya niandike. Babu na fundi wake hawakuliacha kama lilivyotoka Uingereza. Nyuma, kila upande, walilitia pezi. Ndiyo, pezi kama la samaki, lililosimama juu ya taa nyekundu, refu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Babu alikuwa ameona gari la Kimarekani mjini Bukavu alipokuwa kijana, moja ya yale ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ambayo mapezi yake yalizidi kurefuka kila mwaka mpaka Cadillac ya 1959 ikapita zote. Kule Marekani mtindo huo ulikufa upesi. Nyangwe ulifika ukiwa umechelewa miaka kumi na tano, ukakaa juu ya gari la kubebea mpunga.

Namna mapezi yale yalivyotengenezwa yanastahili aya yake. Bodi ya Land Rover si ya chuma, ni ya aluminiamu, ile jamii ya madini tunayofanyia masufuria. Haishiki kutu, na fundi mwenye nyundo na subira huinyoosha apendavyo. Lakini kuiunga kwa mashine ya kawaida ya kuchomelea haiwezekani, inayeyuka na kutoboka. Mapezi yenyewe yalikatwa kwenye mapipa ya mafuta, yaani chuma, na chuma hakichomelewi kwenye aluminiamu. Kwa hiyo walitoboa matundu na kupigilia ribiti, nyingi sana, na nyingine ukizitazama kwa karibu ni misumari iliyokatwa na kupondwa kichwa. Pale chuma kilipogusana na aluminiamu, mvua ya Maniema imefanya kazi yake: kuna unga mweupe umetoka kando ya mshono, kama chumvi. Pezi la kushoto limepinda kwa ndani kwa sababu tawi la mwembe liliwahi kuliangukia. Hakuna aliyelinyoosha.

Kitanda cha nyuma ni mbao za mvule. Mlango wa nyuma umeandikwa CONGO kwa rangi nyeusi, lakini ukisimama jua la saa kumi likiwa mgongoni mwako, unaona herufi nyingine chini yake, na Z kubwa ikichungulia upande wa kushoto wa C. Nchi ilibadili jina mwaka 1971, ikarudisha lile la zamani mwaka 1997, na gari likabadilika pamoja nayo, kwa brashi ya mtu aliyekuwa na haraka.

Sasa milango ya mbele. Wa kushoto, upande wa dereva, umeandikwa kwa herufi zilizopangwa vizuri: KILA MTU NA MZIGO WAKE. Wa kulia, kwa mkono mwingine, herufi zikipanda kilima kidogo: KILA MUTU NA MUZIGO YAKE.

Bibi ananiambia mlango wa kulia uliharibika njiani kwenda Kabambare, karibu na mto Luama, ukabadilishwa, na aliyeuandika upya hakuwa babu bali kijana aliyekuwa akimsaidia kupakia. Babu alikuwa amesoma kwa mapadri. Yule kijana hakuwa amesoma sana. Basi tuna gari moja, sentensi moja, njia moja, na sarufi mbili zinazotazama pande mbili za barabara. Kushoto m- inayotamkwa na upatanisho wa ngeli ya tatu. Kulia mu- yenye irabu yake kamili, na upatanisho uliohamia ngeli ya tisa. Wanaoandika kuhusu Kingwana husema kwamba Kiswahili cha Maniema ya kusini ndicho kilichobaki karibu zaidi na cha pwani, na kwamba kadiri unavyoondoka hapa ndivyo upatanisho unavyolegea. Mlango wa kulia unaniambia kwamba hata hapa, pale wangwana walipojenga, mambo hayakuwa yamenyooka hivyo. Gari moja si sampuli, najua, msinirukie. Lakini ni maandishi, yako hadharani, yana mwandishi anayekumbukwa, na yanaweza kukadiriwa mwaka wake. Ni mara ngapi tunapata hayo yote kwa lahaja ambayo karibu kila kilichoandikwa juu yake kiliandikwa na wasioizungumza?

Yaya alikuwa na mpango kamili. Kutoa mapezi, kwa sababu vijana wa Kasongo huyacheka. Kupiga msasa bodi nzima hadi aluminiamu ing'ae. Kupaka nyeupe. Kisha kuandika upya milango yote miwili, na hapo ndipo nilipohitajika. Alinipa kalamu na karatasi. "Wewe ndiye unasomea mambo ya lugha," akasema, "niandikie hiyo sentensi sawasawa, isiwe na makosa, halafu mchoraji atafuata."

Nilishika kalamu, na nakiri kwamba niliandika. Niliandika KILA MTU NA MZIGO WAKE, kwa herufi kubwa safi, kabla sijafikiri, kwa sababu mkono umezoea. Mwaka wa pili nilipewa zoezi la kunukuu mazungumzo ya mzee mmoja wa kwetu, dakika ishirini. Kila aliposema mutu nikaandika mtu. Kila aliposema muzigo yake nikaandika mzigo wake. Aliposema mutuka nikaandika gari, kinga ikawa baiskeli. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Niliona naya, nikataka babu wa watu aonekane msomi. Nilipata alama nzuri, na zoezi lile halina thamani yoyote, kwa sababu mzee niliyemwandika hakuwahi kuishi.

Ndiyo maana nilipoitazama karatasi ile nilimwomba yaya anirudishie, nikaichana. Alikasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika.

Niseme kwanza kwamba ubishi huu si wa Nyangwe peke yake. Huko California, tangu miaka ya 1930, vijana wasio na pesa walinunua Ford zilizochoka wakazikata. Waliondoa madigadi, wakashusha paa, wakafinya na kuongeza injini, hasa ile ya silinda nane ambayo Ford iliitoa mwaka 1932 kwa bei ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifikia. Walizikimbiza kwenye vitanda vya maziwa yaliyokauka. Wakaziita hotirodi. Zilipozeeka, wenye pesa walizinunua na kuzisugua mpaka zikang'aa kuliko zilivyong'aa siku yoyote ya maisha yao, na yale yaliyokuwa ya ajabu ndani yake, ladha ya mwaka fulani ambayo mwaka uliofuata ilionekana upuuzi, yakanyolewa. Leo wako wapenzi wa magari hayo wanaotafuta yale yaliyoachwa: rangi ya zamani iliyopasuka, mshono mbaya wa fundi wa nyuma ya nyumba, pua ya ajabu ambayo hakuna mwingine angeithubutu. Nawaelewa kabisa. Gari lililorudishwa upya linakuonyesha kipaji cha aliyelirudisha. Lile lililoachwa linakuonyesha kijana fulani, mwaka fulani, alidhani nini ni kizuri.

Karibu zaidi na sisi kuna matatu za Nairobi. Mwanzoni mwa Februari 2004 kanuni za waziri John Michuki zilianza kutumika. Kanuni zile zilileta vidhibiti mwendo, mikanda, idadi maalumu ya abiria, na mstari wa manjano ubavuni. Michoro ikafutwa. Vidhibiti mwendo na mikanda sina neno navyo, ajali zilikuwa zikiua watu. Lakini mchoro haukuwa umemuua mtu. Miaka ya sanaa ya barabarani, majina, nyuso za waimbaji na wachezaji, Kiswahili na Sheng vilivyoandikwa jinsi vilivyotamkwa, vilifunikwa kwa wiki chache. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliitetea hadharani michoro ya matatu, nayo ikarudi, mizuri pia, lakini ni mingine. Anayetaka leo kujua Sheng ya miaka ya 1990 ilivyoandikwa kwenye bati, abahatike kupata picha.

Nimetaja kanuni zile kwa kusudi, kwa sababu ndani yake mna tofauti ambayo yaya nami tulichelewa kuiona. Kutengeneza ni jambo moja. Kurudisha upya ni jingine. Gari la babu halina breki za kuaminika. Bomba lake la kupozea linavuja. Fremu ya chini, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu sehemu mbili. Hayo yatengenezwe, hata kesho, na kama yaya akinituma nitabeba vipuri mimi mwenyewe kutoka Kasongo. Sitaki jumba la makumbusho chini ya mwembe. Nataka gari liende sokoni na mpunga, likiwa na mapezi yake.

Yaya alinijibu jibu ambalo sijaweza kulimaliza. "Wewe unakaa mjini," alisema. "Unakuja na simu yako, unapiga picha kutu, unasema ni nzuri. Mimi nikienda Kasongo na gari hili, mtu wa kwanza ninayemwomba kazi ya kubeba mzigo anacheka. Kwa nini sisi ndio tubaki na vya zamani?" Ni swali zito. Kila mmoja wetu aliyewahi kumwambia mzazi wa Maniema kwamba Kingwana chake ni hazina amewahi kusikia swali hilohilo kwa maneno mengine: hazina yako itampa mwanangu kazi gani? Anayetaka mwanawe ajue Kiswahili sanifu kwa mtihani hakosei. Mimi mwenyewe naandika makala haya kwa Kiswahili sanifu. Mwaka 1928 huko Mombasa ilipochaguliwa lahaja ya Unguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha ilipoanza kazi mwaka 1930, kilipatikana chombo ambacho bila hicho msomaji wa Dar es Salaam nami tusingeelewana hapa kwa urahisi. Hiyo ndiyo breki. Nakubali breki.

Ninachokataa ni msasa. Kuongeza mlango wa pili wa lugha hakukulazimu kuufuta wa kwanza. Na katika kazi yetu hapa kitivoni, ninavyoona, msasa ndio unaoshika chati. Tunasema tunakusanya data, kumbe tunapiga rangi. Fungueni tasnifu zilizoko kwenye rafu zetu zinazohusu masimulizi ya wazee, msome mifano. Wazee wote wanaongea kama watangazaji wa taarifa ya habari. Wamezaliwa sehemu tofauti, umri tofauti, kazi tofauti, na wote wanapatanisha ngeli bila kuteleza.

Mfano wa kinyume upo, na unatoka nchini kwetu. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani mjini Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, historia ya mji wao. Kichwa chake ni cha Kifaransa, kikiitwa vocabulaire ilhali si kamusi hata kidogo, na ndani ni Kiswahili cha Katanga, kilichopigwa chapa na mtu ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha kukiandika. Maneno yameungana, mengine yamekatika katikati, nukta ziko zilikojisikia kuwa. Johannes Fabian alipokichapisha kitabu hicho mwaka 1990, hakukinyoosha. Alifanya jambo la busara zaidi: akishirikiana na Kalundi Mango, maandishi yalisomwa kwa sauti, na katika usomaji ule mengi yaliyoonekana fujo yakawa kauli ya mtu. Ilibidi yasikike. Laiti yangesahihishwa kwanza, tungepata historia ya mji iliyo sawasawa, na tusingemsikia Yav.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niwe mkali juu ya gari hili, nayo ni Nyangwe yenyewe. Jina la mji wetu limo katika vitabu vingi kuliko watu wake. Livingstone alifika Machi 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo akaona watu wakiuawa kwa bunduki sokoni. Cameron alipita, Stanley akapita. Mwaka 1893 vita vya majeshi ya Dola Huru ya Kongo dhidi ya mabwana wa Kiarabu na wangwana vilifika hapa na Kasongo, mji ukawa majivu. Ukija leo ukaniuliza nikuonyeshe kilichobaki, nitakuonyesha miembe. Nitakuonyesha mpunga. Nitakuonyesha namna watu wanavyosema. Huko Kasongo ya kale jina la mahali ni Tongoni, na mnajua tongo ni nini: mahame. Watu waliokaa juu ya mahame kwa zaidi ya miaka mia moja hawana majumba ya kuhifadhi. Wana vitu kama mlango ule. Karibu kila kitu kilichoandikwa kuhusu Nyangwe kiliandikwa na mpita njia, na mlango wa kulia uliandikwa na mtu wa pale.

Usiku wa mwisho tulimwita bibi atuamue. Nilikuwa nimeandaa hoja, ngeli na yote. Bibi hakuzisubiri. Aliuliza tu rangi imegharimu kiasi gani, akasikitika, kisha akamwambia yaya: "Mukiweka rangi mupya, watu wataanza kuuliza, hii mutuka ni ya nani?" Yaya akasema ndiyo vizuri, waulize. Bibi akasema, "Sasa hivi hawaulizi. Wakiona ile mabawa wanajua mupunga yetu imefika." (Bibi huyaita mabawa. Ni mimi na yaya tu tunaosema mapezi. Sikumsahihisha.) Yaya alinyamaza, lakini si kwa kukubali, namjua.

Tulifikia nusu ya mapatano. Fedha zilizobaki zitaenda kwenye breki na fremu kwanza. Mapezi yatabaki mpaka mavuno yajayo, kisha tutazungumza tena. Paa na mbele ya gari atapaka, na hapo sikuwa na nguvu ya kubisha. Mlango wa kushoto, ulioandikwa na babu, ataupitishia mchoraji juu ya herufi zilezile. Wa kulia ndio uliotushinda. Yaya anasema hawezi kuzunguka Maniema na gari lenye kosa upande mmoja, ilhali mdogo wake anasomea lugha. Anasema watu watadhani ada imepotea bure.

Nilipiga picha mlango ule kwa pembe zote, nikapima herufi kwa utepe wa fundi cherehani wa jirani, nikamrekodi bibi akiusoma. Sauti ya bibi nimeshainukuu, dakika kumi na moja, na safari hii kila yake imebaki yake. Juzi nilimpigia yaya. Breki zimefungwa, zinashika. Nilimwuliza kuhusu mlango. Akasema makopo mawili ya rangi bado yako chini ya kitanda cha bibi, na kwamba bibi hataki mtu ainame pale.